Maji ya Derwent: vijiji vilivyozama na daraja lililohamishwa

Maji ya udhu hayaulizwi yalikotoka. Mtu hufungua bomba, akanawa viganja, akasukutua, akaosha uso na viungo vyake, kisha akaingia kuswali. Nasi tuliishi hivyo miaka yote, mpaka safari moja ya ugenini iliposababisha tuulize.

Mwezi wa Septemba mwaka 2022 tulijaaliwa kusafiri hadi mjini Leicester, Uingereza, kumtembelea mdogo wetu aliyeoa na kufanya makazi huko. Mwaka ule Uingereza ilipatwa na joto ambalo haikuwahi kulipima kabla yake: mwezi wa Julai kipimo kilivuka nyuzi 40. Nyasi za bustani zilikuwa zimegeuka rangi ya mkeka mkuukuu. Katika msikiti wa mtaa wao tulikuta karatasi imebandikwa juu ya mabomba ya kutawadhia, ikiwaomba waumini wasifanye israfu na kuwakumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji.

"Kaka," alisema mdogo wetu tulipokuwa tukivaa viatu, "Jumapili nitakupeleka ukaone maji haya yanakotoka. Na ukaone kile yalichokifunika."

Siku ya Jumapili tukaondoka mapema, watu sita ndani ya gari moja: mdogo wetu na mkewe, watoto wao wawili, mama mkwe wake, na sisi. Mama mkwe ni mzaliwa wa Kampala, mwenye asili ya Kihindi, na Kiswahili chake ni cha Kampala ya zamani. Baada ya mwendo wa saa mbili hivi kuelekea kaskazini, tambarare ilikwisha, vikaanza vilima vya Derbyshire, katika eneo liitwalo Peak District, ambalo mwaka 1951 lilifanywa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza. Hatimaye tukaliona bwawa la Ladybower, au tuseme nusu yake. Maji yalikuwa yamerudi nyuma mbali sana, yakiacha tope lililokauka na kupasuka vipande vipande. Katikati ya tope lile, upande wa kaskazini, yalikuwapo mawe. Hayakuwa miamba. Yalikuwa mawe yaliyochongwa kwa mkono wa mwanadamu: misingi ya nyumba, kipande cha ukuta, na nguzo ya lango ambalo halifungui tena kuingia popote.

"Hicho ni kijiji cha Derwent," alisema mdogo wetu.

Vijiji vitatu katika bonde moja

Yafaa kwanza tueleze jinsi bonde lile lilivyofikia hali hiyo, kwani kisa chake hakikuanza kwa ubaya. Mwishoni mwa karne ya 19 miji ya viwanda ya katikati ya Uingereza ilikuwa imefurika watu, na maji safi hayakutosha. Mwaka 1899 Bunge likapitisha sheria ya kuunda bodi ya maji ya bonde la mto Derwent, ili miji minne, yaani Sheffield, Nottingham, Derby na Leicester, igawane maji ya bonde hilo. Lilichaguliwa kwa sababu lina mvua nyingi, na milima yake imesimama pande zote mbili kama kuta za birika.

Mabwawa mawili yakajengwa kwanza. La Howden lilianza mwaka 1901 na la Derwent mwaka 1902, yote kwa mawe, na kazi ilichukua zaidi ya miaka 10. Kwa ajili ya mafundi na vibarua kikasimamishwa kijiji kizima cha nyumba za mabati, jina lake Birchinlee. Kilikuwa na skuli, hospitali na maduka. Watoto walizaliwa humo na watu wakafunga ndoa humo. Kazi ilipokwisha nyumba ziling'olewa, na leo anayepita pale huona miti na alama za misingi tu.

Lakini miji iliendelea kukua na kiu yake ikakua pamoja nayo. Ndipo ilipoamuliwa lijengwe bwawa la tatu, kubwa kuliko yale mawili, chini zaidi bondeni. Hilo ndilo Ladybower, lililojengwa kati ya mwaka 1935 na 1943. Safari hii njia ya maji ilipita juu ya vijiji viwili vya watu waliokuwako kwa vizazi vingi: Derwent na Ashopton.

Ashopton kilikuwa kando ya barabara kuu itokayo Sheffield, na wasafiri walipumzika katika nyumba yake ya wageni. Derwent kilikuwa ndani zaidi. Kilikuwa na kanisa lenye mnara, skuli, nyumba za wakulima, na jumba kubwa lililojengwa mwaka 1672. Karibu na lango la jumba hilo palikuwa na daraja la mawe juu ya mto. Tunaomba msomaji alikumbuke daraja hilo, maana tutalirudia.

Ibada ya mwisho katika kanisa la Derwent ilifanyika tarehe 17 Machi 1943. Maiti waliozikwa uani walifukuliwa na kuzikwa upya katika kijiji jirani cha Bamford. Kengele moja ya kanisa ikapelekwa kanisa jingine mjini Derby. Maji yakaanza kupanda, yakachukua takriban miaka miwili kujaa, na tarehe 25 Septemba 1945, vita vikiwa vimekwisha wiki chache tu, Mfalme George wa Sita akaja kulifungua bwawa rasmi. Mnara wa kanisa uliachwa umesimama peke yake. Kila maji yalipopungua ulichomoza, na watu wakawa wanavutwa kuuendea. Kwa kuhofia usalama wao, ulilipuliwa kwa baruti mwezi wa Desemba mwaka 1947.

Waliohamishwa walijengewa nyumba chini ya ukuta wa bwawa, katika kitongoji kiitwacho Yorkshire Bridge, jina linalotokana na daraja la zamani la hapo. Basi watu wa bondeni wakawa wanaamka kila asubuhi na kutazama ukuta uliozuia maji yaliyolala juu ya nyumba zao.

Swali la mtoto

Mtoto mkubwa wa mdogo wetu, mwenye umri wa miaka 10, alisikiliza maelezo haya yote akiwa ameshika uzio. Akauliza: "Baba, waliulizwa kama wanataka?"

Baba yake alimjibu kwamba ilitungwa sheria, na fidia ikatolewa. Mtoto akasema: "Sikuuliza hivyo."

Tulinyamaza. Mama mkwe, ambaye wajukuu humwita Nani, ndiye aliyevunja kimya. "Hawa walipewa miaka," alisema. "Sisi tulipewa siku tisini."

Wasomaji wetu wa umri mkubwa wataelewa alichokikusudia. Mwezi wa Agosti mwaka 1972 Idi Amin aliwaamuru Waasia wa Uganda waondoke nchini katika muda wa siku 90. Zaidi ya watu 27,000 waliingia Uingereza, na wengi wao wakafanya Leicester kuwa nyumbani. Mama huyu alikuwa msichana wa miaka 17. Alitoka na sanduku moja na mashine ya kushonea ya mama yake, na mashine ile ilichukuliwa njiani kabla hawajafika uwanja wa ndege wa Entebbe. Tangu mwaka huo wa 1972, amekunywa, amepika na ametawadha kwa maji ya mji ule, ambayo sehemu yake hutoka katika bonde hili. Ni jambo la kutafakari kwamba watu walioondolewa makwao walikuja wakakatwa kiu na maji yaliyowaondoa watu wengine makwao.

Palikuwa na benchi karibu na njia, na juu yake ameketi bibi mmoja wa Kiingereza, mwenye fimbo, akitazama mawe kama sisi. Mama mkwe akaketi kando yake, na kama ilivyo desturi ya wazee wa kila kabila, wakaanza kwa habari za hali ya hewa na wakaishia kwenye habari za mama zao. Baadaye alitusimulia walichozungumza.

Mama wa bibi yule alizaliwa Ashopton. Aliolewa Sheffield kabla kijiji hakijabomolewa. Kwa miaka mingi alikuwa akipanda basi kwenda kuwaona jamaa zake upande wa pili wa milima, na barabara mpya ilipita juu ya daraja refu lililojengwa kuvuka bwawa, pale pale juu ya kijiji chake. Kila basi lilipofika juu ya daraja lile, aliuweka mfuko wake magotini, akaushika kwa mikono miwili, akatazama mbele tu. Hakutazama kulia wala kushoto. Binti yake alipokuwa mdogo alidhani mama yake anaogopa kimo. Alikuja kuijua sababu akiwa mtu mzima.

Tukiwa njiani kurudi kwenye gari, mama mkwe alisema: "Nimesema vibaya pale mwanzo. Mimi nilirudi Kampala mwaka 1998. Nikaikuta nyumba yetu imesimama, wanaishi watu wengine, wakatukaribisha chai. Nikagusa ukuta. Mama wa yule hakuwa na ukuta wa kugusa."

Daraja lililohamishwa jiwe kwa jiwe

Mchana ule tulimwacha mama mkwe na binti yake na watoto katika bustani ya wageni, na sisi wawili tukaenda juu bondeni kwa miguu. Tulipita ukuta wa bwawa la Derwent, tukapita wa Howden, mpaka mto ukawa kijito kinachopita kati ya mawe. Mahali hapo huitwa Slippery Stones, na hapo ndipo lilipo lile daraja la kijiji cha Derwent.

Kabla maji hayajapanda, daraja lile lilivunjwa kwa utaratibu wa pekee: kila jiwe lilitiwa nambari kabla ya kuondolewa mahali pake. Mawe yakahifadhiwa mpaka baada ya vita, na mwaka 1959 yakapangwa upya, kila moja mahali pake, juu ya mto ule ule lakini mbali na bwawa. Lilisimamishwa tena kuwa kumbukumbu ya John Derry, mwandishi wa magazeti wa Sheffield aliyewapenda watu wa kawaida watembee na kuijua milima yao.

Si daraja kubwa. Lina matao mawili, na upana wake haupiti gari. Lilijengwa katika zama za farasi wa mizigo, waliobeba bidhaa huku na huko milimani kwa mashogi yaliyoning'inia pande zote mbili, kama punda wetu wa mwambao wanavyobeba mchanga na matofali. Madaraja ya aina hii hujengwa membamba, na kuta za kingo zake huwa fupi au hazipo kabisa, ili shogi lisikwaruzike. Tulipolikanyaga tulihisi kwa nyayo zetu jinsi mawe yake yalivyolika. Mtu aliyehamishwa kutoka Derwent, ikiwa alifika pale baada ya mwaka 1959, angeweza kusimama juu ya jiwe lile lile alilolivuka akienda skuli.

Tulimuuliza mdogo wetu: kwa nini katika kijiji kizima waokoe daraja? Alisema pengine ni kwa sababu daraja si mali ya mtu mmoja. Jibu hilo lilitukumbusha jambo tulilolisoma kuhusu Waingereza wa kale.

Kwao, kama kwetu, kujenga daraja kulihesabiwa kuwa sadaka. Daraja la mawe la London lilianza kujengwa mwaka 1176 chini ya usimamizi wa kasisi aitwaye Peter wa Colechurch, ambaye alifariki dunia kabla kazi haijaisha mwaka 1209, akazikwa katika kanisa dogo lililokuwa juu ya daraja lenyewe. Watu wa London walitoa nyumba zao na viwanja vyao ili kodi yake itumike kulitunza daraja milele. Mfuko huo haujafa. Mpaka leo unatunza madaraja matano ya mji wa London juu ya mto Thames, na tangu mwaka 1995 ziada yake hugawiwa kwa mashirika ya kusaidia wenye shida mjini humo. Msomaji Mwislamu hahitaji kufafanuliwa mpango huo. Asili inabaki, manufaa yanagawiwa, na nia ya mtoaji inaheshimiwa baada ya kufa kwake. Sisi huuita wakfu.

Si kila bonde lilitendewa kwa uangalifu kama ule wa Derwent. Huko Wales, katika bonde la Tryweryn, kilikuwapo kijiji cha Capel Celyn, ambacho watu wake wote walizungumza lugha ya Kiwelshi. Mji wa Liverpool ulitaka maji. Mwaka 1957 Bunge la London likapitisha sheria, ingawa wabunge wa Wales, karibu wote, waliipinga. Wanakijiji waliandamana katika mitaa ya Liverpool pamoja na watoto wao, na haikufaa kitu. Bwawa lilifunguliwa mwaka 1965. Katika makaburi ya kanisa lao, maiti wanane tu walihamishwa. Waliobaki walifunikwa kwa kokoto na zege, kisha kwa maji. Mwaka 2005, baada ya miaka 40, halmashauri ya Liverpool iliomba radhi. Kando ya barabara moja huko Wales kuna ukuta uliobomoka wenye maandishi ya rangi nyekundu na nyeupe, yanayomwambia mpita njia aikumbuke Tryweryn. Yakifutika, watu huyaandika upya.

Hatusemi kwamba kutia nambari mawe ya daraja kunafuta dhulma. Mtoto aliyeuliza swali lake bwawani alikuwa na haki ya jibu kamili, na jibu ni kwamba wengi walinufaika na wachache walilipa, na hao wachache hawakuwa na uwezo wa kukataa. Lakini baina ya Derwent na Capel Celyn tuliona tofauti moja ndogo yenye uzito. Anayelazimika kuondoa kitu cha watu, akikiandika kwanza kilivyokuwa na akawatunzia walau sehemu yake, amekiri kwamba amechukua kitu. Asiyefanya hivyo hata kukiri hakukiri.

Birika letu

Ndugu wasomaji, tungependa kumalizia huko huko Derbyshire, kwani mabaya ya wengine ni mepesi kusimulia. Lakini tulipokuwa juu ya daraja lile dogo, fikra zetu zilikuwa hapa nyumbani, katika msikiti ambao sisi ni katibu wa kamati yake.

Miaka michache iliyopita kamati yetu ilibomoa birika la zamani la udhu. Lilikuwa la mawe ya matumbawe na chokaa, lenye vidaraja vya kushukia na mawe ya kukanyagia miguu. Lilikuwa likivuja, maji yalikuwa yakichafuka, na watoto waliteleza. Uamuzi wa kuweka mabomba na vigae ulikuwa sahihi, na leo pia tungeupitisha. Kosa letu halikuwa hilo. Kosa letu ni kwamba hatukupiga picha hata moja, hatukupima, na hatukumwita mzee yeyote aeleze ni nani aliyelijenga na ni nani aliyelitia wakfu. Vibarua waliingia Jumatatu, na kufikia Alhamisi kifusi kilikwisha kubebwa kwenda kujaza shimo la barabara. Katika daftari la mihutasari kuna mstari mmoja tu, kwa mwandiko wetu wenyewe: "Birika limevunjwa, kazi imekamilika."

Wiki ile bi mkubwa mmoja wa mtaa wetu alikuja mlangoni akaomba kutuona. Alisema: "Mwanangu, jiwe la baba yangu mmeliweka wapi?" Baba yake alikuwa fundi mwashi, na jiwe kubwa la kukanyagia, lile la upande wa mlango, alilichonga kwa mkono wake akalitoa sadaka baada ya mkewe kufariki. Hatukuwa tukijua. Tulimweleza kwamba limeondoka pamoja na kifusi. Hakulaumu. Alisema "haidhuru", akaaga, akaenda zake. Neno lile "haidhuru" ndilo tulilolisikia tena juu ya daraja la Slippery Stones.

Tuliporudi safari tulinunua daftari, si la mihutasari, la kumbukumbu. Tumewaendea wazee watano mmoja mmoja. Wawili wanasema birika lilikuwa na vidaraja vitatu, wawili wanasema vinne, na wa tano anasema hakumbuki vidaraja ila anakumbuka baridi ya maji yake asubuhi ya kusi. Tumeyaandika yote kama walivyosema, bila kuchagua.

Tunazinasihi familia zinazosoma ukurasa huu zisingoje mpaka tingatinga lifike. Katika kila mtaa kuna kisima, njia, kivuko au mwembe ambao mtu fulani aliutoa au aliupanda kwa ajili ya watu, na jina lake limebaki katika kifua cha bibi mmoja tu. Mpe kijana wako kalamu, amkalie bibi yake baada ya Alasiri, amuulize: hapa palikuwa na nini, ni nani aliyepajenga, na ni lini palipoondoka? Aandike na tarehe ya siku aliyoambiwa. Ikiwa jambo lenyewe litaondolewa kwa maslahi ya wengi, na lipigwe picha kwanza, na wenye nalo waitwe walione kwa mara ya mwisho.

Kwa upande wetu, bi mkubwa yule tulimwendea pia. Alitutajia jina kamili la baba yake, la babu yake, na kijiji alichotoka. Limeandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari, naye mwenyewe alitia dole gumba chini yake. Jiwe lenyewe hatunalo.